Ukuta wa Jamarati si Shetani

Mhariri,

Kila inapofika Idi ya kuchinja, magazeti yetu ya Kiswahili hutoa picha ileile: umati wa mahujaji ndani ya ihramu zao, mikono imeinuliwa, na chini yake maelezo kwamba wanampiga Shetani mawe. Msomaji ambaye hajafundishwa manasiki, yaani taratibu za ibada ya hija, anabaki akiamini kwamba pale Mina, karibu na Makka, Shetani amefungwa, au amejificha ndani ya ule ukuta, na kwamba atakayempiga kwa nguvu zaidi ndiye mwenye thawabu zaidi. Msomaji huyo mwakani analipia safari, anafunga mizigo na kwenda. Naomba nafasi nieleze jambo hili kwa urefu kidogo, maana kosa la kuelewa hapa haliishii kichwani. Linaharibu ibada ya mtu, na limewahi kuchangia vifo.

Nianze na chanzo chake. Ibn Abbas (R.A.) amesimulia kwamba Nabii Ibrahim (A.S.) alipokwenda kutekeleza manasiki, Shetani alimtokea kwenye jamra (mahali pa kurushia vijiwe, wingi wake jamarati) ya Aqaba, naye akamrushia vijiwe saba mpaka akadidimia ardhini. Akamtokea tena kwenye jamra ya pili, kisha ya tatu, na kila mara ikawa hivyohivyo. Mwisho Ibn Abbas akasema: Shetani mnampiga mawe, na mila ya baba yenu mnaifuata. Al-Hakim, mkusanyaji wa hadithi, ni mmoja wa walioipokea riwaya hiyo. Ile simulizi tamu ya kwamba Shetani alimwendea kwanza Ibrahim, halafu Bi Hajar, halafu Ismail, kila mmoja kwenye jamra yake, hupendwa sana na wasimulizi wetu, lakini riwaya hiyo ya Ibn Abbas haisemi hivyo.

Kwa hiyo anayesema mahujaji wanampiga Shetani hajatunga uongo. Ana msingi. Ila hakuna sahaba wala imamu aliyesema kwamba Shetani yumo ndani ya jiwe lililosimama pale. Nguzo za mawe zilizokuwa zikisimama kwenye jamarati ziliwekwa kuwa alama ya mahali. Mwaka 2004 wahandisi wa Saudia waliziondoa, wakaweka kuta ndefu ili watu wengi waweze kurusha kwa wakati mmoja bila kugongana. Ibada haikubadilika hata kidogo, kwa sababu haikuwa ya nguzo. Mafakihi wanasema pahala panapokusudiwa ni pale vijiwe vinapoangukia, yaani hodhi, na ukuta ni kielekezi tu.

Maana ya tendo lenyewe imo katika hadithi ya Bibi Aisha (R.A.) waliyoipokea Abu Daud na Tirmidhi: kuizunguka Kaaba, kwenda baina ya Safa na Marwa, na kurusha vijiwe, vimewekwa ili kusimamisha utajo wa Mwenyezi Mungu. Wako wanazuoni wanaoyaona maneno hayo kuwa ya Bibi Aisha mwenyewe na si ya Mtume (S.A.W.), lakini maana yake haikataliwi na yeyote, kwa kuwa Qur'ani yenyewe, Sura ya Pili aya ya 203, inapozitaja siku za Mina inasema: mkumbukeni Mwenyezi Mungu katika siku zinazohesabika. Haikutaja hasira wala kisasi, imetaja kukumbuka. Ndiyo maana kila kijiwe huenda na takbira yake, Allahu Akbar. Hujaji akirusha vijiwe saba huku akitukana, amelitupa lile ambalo kijiwe kiliwekwa kwa ajili yake.

Imam Ghazali alilieleza hili kwa namna ambayo sijaona iliyoipita. Alisema hujaji akusudie utii mtupu, kufuata amri bila akili wala nafsi kuwa na fungu ndani yake, kisha akusudie kujifananisha na Ibrahim. Ikimjia fikra kwamba Ibrahim alimwona Shetani kwa macho yake ndiyo maana akampiga, ama mimi simwoni, basi narusha kwa nini, ajue kwamba fikra hiyo ndiyo Shetani mwenyewe. Kwa dhahiri unarusha kokoto Aqaba, kwa hakika unarusha usoni mwake. Kinachomvunja mgongo ni kule kutii kwako jambo ambalo nafsi haioni faida yake. Na hili ni jinsi moja na maneno ya Sayyidna Umar mbele ya Jiwe Jeusi: najua wewe ni jiwe, hudhuru wala hunufaishi, na lau si kumwona Mtume akikubusu nisingekubusu. Jiwe la kubusiwa halina nguvu ya kunufaisha, na ukuta wa kurushiwa hauna Shetani ndani yake.

Sasa niingie kwenye utekelezaji, maana hapo ndipo maana inapohifadhiwa au kupotea.

Jamarati ni tatu, zote Mina, zimefuatana kuelekea Makka. Ya kwanza ni ile iliyo upande wa msikiti wa Khaif, ambayo watu huiita ndogo. Inafuata ya kati. Ya mwisho, iliyo upande wa Makka, ni ya Aqaba, ile kubwa. Mwezi 10 Mfunguo Tatu (Dhulhija), siku ya Idi, hurushiwa ya Aqaba peke yake, vijiwe 7, na talbiya, ule wito wa Labbaika, hukomea pale kwenye kijiwe cha kwanza. Mwezi 11 na 12 hurushiwa zote tatu, vijiwe 21 kila siku. Anayeondoka mwezi 12 atakuwa amerusha 49, na anayebaki mpaka mwezi 13 anatimiza 70. Ni wajibu wa hija na si nguzo. Aliyekosa kisimamo cha Arafa hana hija, lakini aliyekosa jamarati hija yake ipo na fidia iko shingoni mwake.

Kijiwe chenyewe ni kidogo kuliko watu wanavyodhani. Mafakihi wa Kishafi wamekikadiria kuwa chini ya ncha ya kidole kwa urefu na upana, kiasi cha punje ya haragwe. Kipimo hiki hakikuachiwa hiari ya mtu. Asubuhi ya Aqaba Mtume (S.A.W.) akiwa juu ya ngamia wake alimwambia Ibn Abbas amwokotee vijiwe. Akamwokotea saba, vya aina ile inayoweza kurushwa kwa ncha za vidole viwili. Mtume akaviweka mkononi, akawa anavitikisa, akasema: mfano wa hivi ndivyo mrushe. Kisha akaongeza: enyi watu, jihadharini na kupindukia mipaka katika dini, kwani waliokuwa kabla yenu waliangamizwa na kupindukia mipaka katika dini. Wamepokea Nasai na Ibn Majah. Onyo zito kama hilo, linalotaja kuangamia kwa umma zilizopita, lilitolewa mkono ukiwa umeshika kokoto saba. Mtu anayeokota jiwe la ukubwa wa ngumi akidhani anaongeza juhudi anafanya lile hasa alilokatazwa. Kiatu, chupa ya maji na mwavuli havihesabiwi kabisa, kwa kuwa si jiwe. Tena haviufikii ukuta. Vinatua kwenye visogo vya waliotangulia mbele.

Vijiwe vinaweza kuokotwa Muzdalifa, wanakolala mahujaji baada ya Arafa, njiani au Mina kwenyewe. Si lazima vyote 70 vitoke Muzdalifa, na kuviosha si lazima. Siku hizi vikundi vingi huwagawia mahujaji vifuko vilivyojazwa tayari, na hakuna ubaya. Ubaya ni hujaji kufika ukutani na vijiwe saba kamili vya kila jamra. Chukua vitano sita vya ziada kila siku. Kijiwe kikidondoka miguuni pa watu usiiname kukiokota, hata kama unaiona nafasi. Anayeinama kwenye mkondo wa watu hana dhamana ya kuinuka.

Kurusha ni kurusha. Ukikiweka kijiwe hodhini kwa mkono, hukurusha. Ukivimimina saba kwa mkupuo, umehesabiwa kimoja na sita bado unadaiwa. Kila kimoja kitoke mkononi peke yake, kwa mkono wa kulia, na takbira yake. Kikigonga ukuta kikaangukia hodhini, kimetimia. Kikiingia hodhini bila kugusa ukuta, kimetimia pia, na wengi hawalijui hili, wanarudia mara tatu nne mpaka wasikie mlio wa jiwe kwa jiwe. Kikigonga ukuta kikaruka na kuangukia nje, hakikutimia, toa kingine. Ukishuku umerusha vitano au sita, shika tano uongeze viwili. Usogelee ukuta kwenye ncha zake, si mwanzoni mwake ambako kila anayefika husimama. Hodhi ni refu, na mbele ya wimbi la watu daima pana sehemu iliyo wazi.

Katika kupanga jamarati kuna kosa moja ambalo huwapata zaidi mahujaji waliolala Makka au mtaa wa Aziziya. Hao wakija kwa upande wa Makka, jamra wanayokutana nayo kwanza ni ya Aqaba. Wanaianza hiyo, wanapita ya kati, wanamalizia ndogo. Kwa madhehebu yetu ya Imam Shafi mpangilio ni sharti, kwa hiyo kwa mtu huyo iliyosihi ni ile ndogo tu. Inabidi arudi aipige ya kati, kisha ya Aqaba. Dawa yake ni ndogo: mwezi 11, 12 na 13 tembea kwanza mpaka mwisho wa upande wa Khaif, usifungue kifuko kabla ya hapo.

Nifike kwenye suala la wakati, ambalo ndilo limemwaga damu. Mwezi 10, kurusha Aqaba ni bora baada ya jua kuchomoza. Wanawake, wazee na wanaowasindikiza wanaruhusiwa kutoka Muzdalifa usiku, na kwa Shafi wakati wa kurusha umeshaingia tangu nusu ya usiku wa Idi. Mwezi 11 na kuendelea, wakati unaingia jua linapopinduka, adhuhuri. Hiyo ndiyo rai ya wengi. Lakini kuingia kwa wakati si kuisha kwake. Mahujaji wengi hufundishwa saa ya kuanza bila kufundishwa saa ya mwisho, basi wanaiona adhuhuri kama mlango utakaofungwa baada ya dakika chache. Kwa Imam Shafi aliyeikosa adhuhuri anarusha alasiri, au usiku, na hata siku nzima ikimpita anailipa katika siku za Tashriki (mwezi 11 mpaka 13) zilizobaki, mpaka jua lizame mwezi 13, kwa kupanga ya jana kabla ya leo. Mtume aliwaruhusu wachungaji wakusanye kurusha kwa siku mbili kwa ajili ya mifugo yao. Kama ngamia walikuwa udhuru, roho ya mama wa miaka sabini je?

Tazama tarehe. Mwaka 1994 walikufa mahujaji 270 kwenye msongamano wa jamarati. Mwaka 2004 zaidi ya 240. Tarehe 12 Januari 2006 zaidi ya 340, kwenye mlango wa daraja, na siku hiyo ilikuwa mwezi 12 Mfunguo Tatu, baada ya adhuhuri. Hiyo ndiyo siku watu wanapotaka kurusha mara tu jua likipinduka ili waondoke Mina kabla ya magharibi. Walikuja na mabegi yao mabegani, mabegi yakaanguka, watu wakajikwaa, na waliokuwa nyuma hawakuona. Baada ya hapo ndipo lilipojengwa daraja la sasa lenye ghorofa tano, urefu wa mita 950 na upana wa mita 80, lenye njia za kuingilia na za kutokea zilizotenganishwa, likakadiriwa kupitisha watu 300,000 kwa saa. Daraja limesaidia sana. Hata hivyo tarehe 24 Septemba 2015, siku ya Idi, makundi yaliyokuwa yakielekea jamarati yalikutana kwenye makutano ya barabara za 204 na 223, mbali na daraja. Serikali ya Saudia ilitangaza vifo 769, na hesabu za mashirika ya habari zilizokusanywa nchi kwa nchi zilikuwa juu zaidi ya hapo. Watanzania na Wakenya walikuwamo.

Kwa hiyo ratiba inayotolewa kwa kila kikundi, saa ya kwenda na njia ya kupita, si urasimu wa kuvumiliwa tu. Kuifuata ni katika kulinda nafsi, na anayejiengua kwenye kikundi chake ili awahi anawatia hatarini asiowajua. Anayekwenda kurusha asibebe begi. Akishaingia asigeuke nyuma: ukimaliza songa mbele mpaka kwenye njia ya kutokea, hata kama mwenzako amebaki nyuma. Mahali pa kukutana papangeni hemani kabla hamjatoka.

Qudama bin Abdullah (R.A.) amesimulia kwamba alimwona Mtume akirusha jamra siku ya Idi akiwa juu ya ngamia wake, hakuna kupiga watu, hakuna kufukuza, wala hakuna kusema ondokeni, ondokeni. Huyo ndiye kiongozi wa umma, na njia haikufunguliwa kwa ajili yake kwa viwiko. Ninaona hadithi hii fupi inastahili kubandikwa kwenye kila basi la mahujaji litokalo Muzdalifa.

Na ipo ya Ummul-Husain katika Sahihi Muslim: aliwaona Bilal na Usama, mmoja ameshika hatamu ya ngamia wa Mtume, mwingine ameinua nguo yake kumkinga na joto mpaka aliporusha Aqaba. Basi mwavuli si udhaifu wa imani. Mwaka 2024 serikali ya Saudia ilitangaza vifo zaidi ya 1,300 katika hija iliyogubikwa na joto kali, wengi wao wakiwa watu waliotembea masafa marefu juani bila vibali na bila hema la kupumzikia. Mgonjwa wa sukari au shinikizo la damu asisukumwe kwenda kurusha saa saba mchana ati kwa sababu ndiyo sunna. Aende baada ya magharibi, na thawabu za sunna aziombe kwa Mola wake anayejua udhuru wake.

Asiyeweza kabisa, kwa ugonjwa, uzee au ujauzito unaohofiwa, anamweka mwingine kuwa wakala wake. Masharti yake yanapuuzwa mno. Wakala awe hujaji wa mwaka huohuo, na aanze kwa kujirushia mwenyewe ndipo amrushie aliyemtuma. Mwenye afya haweki wakala. Uvivu wa kutembea au hamu ya kwenda sokoni Makka si udhuru. Baya zaidi ni lile la mwezi 12: mtu anamkabidhi kiongozi kifuko asubuhi, anakwenda kuaga Kaaba, anapanda basi la uwanja wa ndege, na vijiwe vyake bado havijarushwa. Tawafu ya kuaga ni tendo la mwisho baada ya manasiki kwisha. Huyo ameiaga Kaaba katikati ya ibada.

Aliyekusudia kuondoka mwezi 12 atoke Mina kabla ya jua kuzama. Likizamia yungali hemani, alale na arushe mwezi 13. Ila aliyekwishafunga safari, akawa ndani ya basi na foleni ikamshika, kwa Shafi aendelee na safari yake, asirudishwe.

Na siku za Tashriki zikisha kupita, hakuna tena kulipa kwa vijiwe. Aliyepungukiwa kijiwe kimoja cha jamra ya mwisho anatoa kibaba kimoja cha chakula, viwili vibaba viwili, vitatu na kuendelea anachinja, na nyama ni ya mafukara wa Haram. Kibaba hapa ni kilekile cha zaka ya fitri, vinne ndio pishi.

Limebaki moja, nalo ndilo limesahauliwa kuliko yote. Ibn Umar (R.A.), katika riwaya ya Bukhari, alikuwa akirusha jamra ya kwanza, anasogea mbele mpaka penye nafasi, anaelekea kibla, anainua mikono na kuomba kwa muda mrefu. Anarusha ya kati, anasogea upande wa kushoto, anasimama tena vilevile. Anarusha ya Aqaba na kuondoka bila kusimama, na akasema hivyo ndivyo alivyomwona Mtume akifanya. Imepokewa kwamba kisimamo chake kilikuwa kiasi cha kusoma Sura ya Baqara. Vijiwe saba humalizika kwa dakika moja, na dua iliyofuata ilikuwa ndefu kuliko vijiwe vyenyewe. Leo mahujaji wetu wanarusha ya kwanza na kukimbilia ya pili huku kiongozi akipunga bendera, ati wamwahi Shetani. Anayejua kwamba amekwenda pale kumkumbuka Mola wake hawezi kuzivuka dua mbili hizo bila kujisikia amepungukiwa.

Ombi langu kwa magazeti ni dogo: chini ya picha ya mwakani andikeni kwamba mahujaji wanarusha vijiwe kwenye jamarati, wakifuata nyayo za Nabii Ibrahim na kumtaja Mwenyezi Mungu. Nafasi inatosha. Na kwa viongozi wa vikundi vya hija Dar es Salaam, Unguja, Mombasa na kwingineko: katika semina wekeni haragwe mkononi mwa kila anayesafiri aone kipimo, mfanyisheni mazoezi ya kurusha kimoja kimoja kwenye karai akihesabu kwa sauti, na kwenye ratiba ya mwezi 11 na 12 tengeni dakika kumi baada ya jamra ya kwanza na kumi baada ya pili. Dua hiyo waisimame pembeni, mbele ya jamra na nje ya mkondo wa watu, wazee wakiwa upande wa ndani.

Mwalimu wa manasiki,
Tanga